Kopo Chini ya Upenu: Safari Yangu kutoka Burungu hadi Mubi

Tangu nirudi, kila mtu hapa Burungu ananiuliza mvua ilikuwaje huko chini. Nikianza kujibu kwa mdomo, hasira inanipanda, naruka mambo, na ninyi mnacheka kabla sijamaliza. Basi naandika. Shule niliiacha mapema, mnajua, lakini kuandika sikukusahau, na jambo hili nataka lisomwe lote, polepole, mpaka mwisho.

Nianze na aliyenidanganya. Ni yule Mzungu wa shamba la kahawa, aliye na nyumba ya matofali kule juu ya mto. Nilikuwa nimemfanyia kazi ya majuma machache, kung'oa visiki, na siku ya kuaga nilimuuliza njia ya Walikale ikoje wakati huu. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kidogo cha picha. Alisema ni kitabu cha wasafiri wa kwao, nchi iliyo kando ya bahari, akanisomea akitafsiri kwa Kiswahili chake: kwao mvua inanyesha kila mwezi, lakini ni mvua laini, baridi haiui, joto halichomi, msafiri achukue koti jepesi na roho tulivu. Akafunga kitabu, akasema Masisi ni vilevile kabisa, ndiyo maana alipenda kukaa hapa.

Nami nikaamini. Kilikuwa kitabu, na kilikuwa na picha.

Burungu hadi Masisi, kwa miguu

Sababu ya safari yangu mnaijua: sikuwa na sababu. Nilikuwa nimesikia kwamba huko chini kuna msitu ambao ndani yake mtu hajui kama jua limesimama upande gani, nikataka kuuona. Lakini Mama Furaha, binti wa jirani yetu, yeye alikuwa na sababu nzito, na kwa kuwa tuliondoka pamoja Jumatatu asubuhi, sababu yake ikawa yangu pia.

Mume wake anachimba madini katika kambi iliyo karibu na Mubi. Pale kambini, wake za wachimbaji wanagawiwa vipande vya shamba. Kapita wa kambi, yaani msimamizi wa watu, alikuwa amewapa siku ya mwisho: Jumapili ile, baada ya misa, angepita shambani, na kipande kisichoonyesha majani ya mazao angempa mke mwingine. Hakutaka kuonyeshwa udongo uliolimwa. Msimu uliopita watu walilima tu, wakasema mbegu ziko chini zinalala, na hakuna kilichoota. Safari hii alitaka kuona majani kwa macho.

Mama Furaha alikuwa amelima kipande chake chote. Ila maharagi ya kambini ni ya kula, ya zamani, yametobolewa na wadudu. Aliyapanda mara moja yakaoza. Ndipo akapanda mlima wote mpaka huku Burungu kuchukua mbegu kwa mama yake. Alizibeba katika kikapu, zimepakwa majivu, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba.

Njiani alikuwa anahesabu siku kwa vidole. "Siku ya Ine nafika, siku ile ile napanda," aliniambia, yaani Alhamisi. "Chini kule udongo iko moto, maharagi inatoka kwa siku ine. Siku ya Mungu kapita anakuta majani."

Nikamwambia asiwe na hofu, mvua ya huku ni laini. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Aliniangalia kidogo tu, akaendelea kutembea.

Tulilala njiani kwa watu wa kanisa lake, wakatupa viazi na maziwa ya kuganda, na Jumanne kabla ya mchana tuko Masisi.

Masisi hadi kwenye mti uliolala

Pale Masisi tulipata lori, kamio ya Papa Leonardi, dereva mnene mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa anapeleka viazi na kabichi kambini. Mama Furaha angekaa mbele. Mimi ningekaa juu ya mizigo kwa sharti la kusukuma popote kamio itakapozama. Nilikubali, kusukuma ni kazi nimeizoea.

Hapa naandika jambo ambalo sijapenda kulisema kwa mdomo. Mama Furaha alitaka kupakata kikapu chake. Mimi ndiye niliyemwambia hapana, mbele kunabana, nipe nikiweke juu, chini ya turubai, kitakaa vizuri katikati ya viazi. Alisita. Nikarudia yale ya kitabu, kwamba mvua ya hapa haina nguvu ya kupita turubai. Akanipa.

Haikupita saa moja, mvua ikaja. Si ile ya kitabu. Ilikuja kutoka nyuma ya kilima kama watu wanaokimbia na mabati kichwani, na nilipofumbua macho kibonde kilikuwa kimejitengeneza juu ya turubai, maji yamejaa humo kama sahani ya mchuzi. Niliyasukuma kwa mkono yamwagike. Yakamwagika, ndiyo, lakini kumbe turubai lilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa juu kabisa ya kikapu. Hilo nililijua baadaye.

Kabla ya Nyabiondo tukakuta bariere ya mvua. Kwa mtu asiyewahi kupanda gari nieleze: barabara zetu ni za udongo, na gari zito likipita wakati udongo umelowa, magurudumu yanaikata barabara hadi tumboni. Kwa hiyo mti mrefu umelazwa njiani, na kuna mlinzi. Mvua ikinyesha, mti hauinuliwi mpaka barabara ikauke. Sheria hiyo siipingi. Anayejua kuchimba barabara kwa jembe hawezi kuipinga.

Mlinzi wa pale anaitwa Papa Gaspari. Ni mtu mwembamba, mpole, anavaa kaputula iliyopigwa pasi hata porini. Alitupokea vizuri, akatuonyesha kopo la bati lenye alama nyekundu ndani. Mkubwa wa barabara ndiye aliyemletea. Maji yakifika alama, mti unabaki chini. Kila asubuhi analimwaga, na ikifika saa sita mchana kopo halijafika alama, anainua. Jumanne ile maji yalipita alama. Tulikubali. Tukala viazi vya Papa Leonardi, tukalala.

Siku mbili za jua pale pale

Jumatano asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, ule wetu wa kila siku, unaokaa juu ya vilima kama blanketi halafu unaondoka. Hapakunyesha hata tone. Saa nne jua likatoka, barabara ikaanza kutoa mvuke, na saa sita ilikuwa imekauka mpaka kuku wanaoga vumbi katikati yake. Papa Leonardi akawasha gari.

Papa Gaspari akaenda kuangalia kopo, akarudi akitikisa kichwa. Maji yamefika alama.

"Papa, iko jua," dereva alimwambia.

"Naona jua. Miye siko mulinzi wa jua. Niko mulinzi wa kopo."

"Angalia barabara basi. Iko kavu."

"Kavu ya juu. Kopo njo inajua ya chini."

Papa Leonardi alizima gari, akavua kofia, akaikunjakunja, akaivaa tena. Nilidhani atapiga mtu. Akaenda kulala chini ya kamio.

Tukiwa katika hali hiyo, gari dogo likaja kutoka nyuma yetu likirusha vumbi, narudia, vumbi. Alikuwa yule yule Mzungu wangu wa kahawa. Papa Gaspari alikimbia kuinua mti, maana gari dogo, alisema, halikati barabara. Mzungu alipunguza mwendo akanitambua. Akanyoosha kidole juu mbinguni kwenye jua, akacheka kwa furaha, akaniambia: "Unaona? Laini." Akapita, mti ukashuka nyuma yake.

Rafiki zangu, nimewahi kunyimwa mshahara, nimewahi kufukuzwa na mbwa, lakini hasira kama ile sikuwahi kuionja.

Alhamisi asubuhi Mama Furaha akataka kuona kikapu chake. Nikakishusha mwenyewe, na nilipokipokea mikononi nikajua, kwa sababu kilikuwa kizito kuliko nilivyokiweka. Alifungua majani. Majivu yamegeuka uji, maharagi yamevimba, ngozi zimepasuka, na mengi yameanza kutoa kijino cheupe. Alichukua moja, akaliweka kwenye kiganja, akanionyesha.

"Kaka Bahati," alisema, "mvua yako ya kitabu njo hii?"

Alijaribu kuyaanika kwenye jua, lakini mbegu iliyokwisha kuamka hairudi kulala, ukiikausha inakufa. Akayafunika tena kwa majani mabichi, akakaa kando ya barabara akihesabu vidole. Hata kama tungeondoka saa ile, tungefika kambini Jumamosi. Jumapili kapita angekuta udongo mtupu.

Nilikwenda kwa kopo. Nilitaka kulipiga teke, nasema kweli. Lakini nilipofika nikasimama kuliangalia, kwa sababu udadisi wangu huwa mkubwa hata kuliko hasira. Kopo lilikuwa limewekwa kando ya ukuta wa kibanda cha Papa Gaspari, chini kabisa ya upenu. Juu yake paa la nyasi, refu, nene, limenywa ukungu wa asubuhi nzima, na lilikuwa linadondosha. Tone. Tone. Jua linawaka, mbingu ni safi, na kopo linajaa.

Nikamwita Papa Gaspari, nikamwonyesha. Aliangalia juu, akaangalia chini, akasema maji ni maji. Nikamuuliza nani aliliweka pale.

"Mukubwa alisema niweke karibu na nyumba, ili mbuzi isiangushe. Niko nalo hapa toka mwaka ya jana."

Mwaka mzima, jamani. Mwaka mzima kamio zimesimama juani, kabichi zimeoza, wagonjwa wamekaa chini wakingoja, kwa sababu ya mbuzi. Na si mbuzi wa serikali, ni mbuzi zake mwenyewe, watatu, niliwaona.

Nilimsihi tulihamishe kopo uwanjani. Akakataa, mkubwa akikuta halipo pale atamfukuza kazi. Ana watoto sita. Nikamwambia basi mimi nitakuwa ukuta. Tutalimwaga, tutaliweka uwanjani mbele ya macho yake, nami nitakaa kulilinda na mbuzi mpaka saa sita. Likiwa kavu anainua mti, halafu analirudisha alikolipenda. Mwishoni akasema kulinda kopo si kulihamisha, na akakubali.

Hivyo ndivyo nilivyokaa Alhamisi ile, mtu mzima, fimbo mkononi, nikizuia mbuzi watatu wasiangushe kopo tupu. Watu wa kamio mbili nyingine zilizokuja nyuma yetu walisimama kunitazama. Mmoja aliuliza kama nimelishwa kitu. Mwingine alimjibu kwamba hapana, huyo njo mufanyakazi mupya wa serikali, yuko kwa posti ya mbuzi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Saa sita kopo lilikuwa kavu kama kisigino, na Papa Gaspari, mtu wa neno lake, akainua mti.

Kushuka hadi Kashebere

Kuanzia Nyabiondo njia inashuka, na kila kona unavua kitu: kwanza koti, halafu shati, halafu subira. Hewa inakuwa nzito na ya moto, miti inakaribia, na mvua ya kule haitoki upande wowote, inakuwa tu. Nilisukuma kamio mara nne. Msitu wenyewe ni kweli kama walivyosema, jua halijulikani liko wapi, lakini sikupata nafasi ya kuufurahia.

Mama Furaha hakukubali tena kukaa mbele wala kuachia kikapu. Maharagi yalikuwa yanatoa mikia mirefu, myeupe, laini kama funza, na alisema kila shimo la barabara litaivunja. Akapanda juu, akasimama, kikapu kichwani, magoti yamelegea ili mtikisiko uishie miguuni. Mimi nilimshika kiuno cha kitenge nyuma ili asianguke, mkono mwingine nimeushika ubao. Tulisafiri hivyo nusu ya Alhamisi na Ijumaa nzima. Nilimwambia, kwa nia njema, kwamba labda ayatupe tu, apumzike. Akanijibu bila kugeuka kwamba mimi kazi yangu ni kushika.

Kashebere tulipokelewa na mama mmoja wa pale, mkunjufu sana, akatupa makemba, zile ndizi kubwa za kuchoma, na sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi. Chakula kizuri. Tulipokuwa tunanawa nyuma ya nyumba, yeye akaona kikapu kimewekwa kivulini, akafunua, akakuta mikia ile, akadhani ni mboga ya watu wa mlimani tuliyomletea kama zawadi. Tulirudi tukamkuta ameshaweka maji motoni na kikapu kiko mapajani mwake, anachagua. Mama Furaha aliruka bwawa la matope ambalo mimi niliogopa kulizunguka.

Mwenyeji aliposikia maelezo alisikitika, kisha akashindwa kujizuia. "Mulitembea na shamba kwa kichwa?" aliuliza. "Sisi huku tunaachaka yetu chini."

Mama Furaha alicheka pia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Masisi.

Walikale hadi kambini

Jumamosi asubuhi tulipita Walikale bila kusimama, na baada ya mchana Papa Leonardi akatushusha kambini. Mume wake alikuja mbio. Hakuuliza habari, aliuliza mbegu. Alipofunuliwa kikapu, uso wake ulianguka. Nilimweleza kwa urefu kuhusu kopo, upenu, mbuzi na kitabu, na alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua.

Jirani yao, mke wa mchimbaji mwingine, alikuwa tayari amesimika jembe lake pembeni ya kipande kile. Alisema amefanya hivyo ili kesho asipate kazi ya kulibeba.

Mama Furaha alipiga magoti shambani, akaanza kutoa maharagi moja moja kwenye kikapu, akitumia vidole viwili kama anayeshika mtoto wa ndege. Hakuyafukia yote. Mkia aliushusha ndani ya udongo, na kichwa cha haragi, ambacho kilikuwa kimeanza kupasuka na kuonyesha majani mawili yaliyokunjika, ya manjano, alikiacha nje. Mume wake akaona, akapiga magoti mstari wa pili. Nami wa tatu. Mengi yalivunjika mikononi mwangu, na kila lililovunjika aliliona. Tulimaliza giza likiingia. Shamba lilionekana kama limetupiwa mahindi yaliyochemshwa.

Usiku ilinyesha mvua ndogo. Jumapili asubuhi jua la kule likapiga mapema, kali, na wakati watu wako misani yale majani ya manjano yalifunguka yakawa kijani. Sikwenda misani, nilikaa shambani nikiangalia, kwa hiyo hili halikusimuliwa, niliona mwenyewe.

Kapita alikuja na fimbo yake na nguo za kanisani. Alisimama kwenye kipande cha Mama Furaha, akainama, akagusa jani moja.

"Hii ulipanda lini?"

Nilitaka kusema. Mama Furaha alinikanyaga mguu.

"Papa kapita, unaona majani ao hauone?" aliuliza kwa upole.

"Naona."

"Basi."

Akaangalia mstari mpaka mwisho, akasema hakuna shamba lililotangulia kama hili, hata maharagi ya wengine waliopanda Jumatatu hayajafika hapo. Akapita. Jirani aling'oa jembe lake.

Kurudi

Nilikaa kule nikisukuma toroli la mawe mpaka maharagi yakakauka, maana nilitaka kuona yataishaje. Hayakuwa mengi, joto la chini si la maharagi yetu, lakini kipande kilibaki chake. Siku ya kuondoka Mama Furaha alinifungia mbegu kavu katika kitambaa, nimpelekee mama yake huku Burungu, ajue zilifika. Alizifunga mafundo matatu. Aliniambia nizipakate.

Nilirudi kwa miguu. Nilipopita Nyabiondo, bariere ilikuwa chini, jua linawaka, kamio tatu zimesimama, na kopo liko pale pale chini ya upenu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Gaspari. Alinikaribisha kivulini kwake, akanipa kiti, nami nikamwambia kila kitu: mateso ya yule mama, kikapu kichwani siku mbili, magoti, udongo, kapita. Nilitaka aone aibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "kama miye ningefungua siku ile ya kwanza, mbegu ingefika haina mikia."

"Ndiyo."

"Siku ine ndani ya udongo. Ingetosha ao isingetosha, hakuna muntu anajua. Lakini yenye ililowa hapa kwangu, ile ilitosha."

"Papa Gaspari, ile ni mvua iliyopita kwenye tundu la turubai."

"Lakini kulala, ililala hapa. Sasa si bariere njo ilisaidia?"

Nilimjibu. Nilimjibu kwa muda mrefu sana, nikasimama, nikakaa, nikataja kabichi, wagonjwa, mbuzi, Mzungu na vumbi lake. Wenye kamio walisogea kusikiliza na wakaniunga mkono. Papa Gaspari hakukasirika hata kidogo. Aliendelea kunijazia kikombe cha maji. Niliondoka pale nikiwa nimeshinda maneno yote, na mti ukiwa bado chini.

Nilipofika hapa Burungu nilikwenda kwanza kwa mama yake Mama Furaha, nikampa kitambaa. Alifungua mafundo matatu. Alitia mkono ndani, akautoa, akanitazama.

Nilimweleza kwamba nilikuwa nimekitundika kwenye mti wa upenu wa Papa Gaspari wakati ninazungumza, na kwamba hapakunyesha, na kwamba kosa si langu.

"Imesha vimba," alisema. "Lete jembe."